Jinsi ya Kumkata Stelingi Mkono: Mwongozo wa Kutengeneza Sehemu ya Pili

Kabla hujaandika hata ukurasa mmoja wa sehemu ya pili, amua stelingi wako atakatwa mkono upi, na nani ataukata. Majibu yanajulikana. Mkono ni wa kulia, mkataji ni stelingi mwenyewe, kifaa ni chenso, ule msumeno wa mashine wa wapasua mbao, na wakati anaukata awe anacheka. Asiyekuwa tayari kwa hilo asiguse filamu ya kutisha na kuchekesha. Abaki kwenye mapenzi na ugomvi wa mirathi, ambako viungo vya watu hubaki mahali pake.

Somo linatoka kwenye filamu mbili za vijana wa Marekani walioanza mikono mitupu: The Evil Dead, iliyoonyeshwa mara ya kwanza mjini Detroit mwezi Oktoba 1981, na Evil Dead II, iliyotoka Machi 1987. Zote mbili ziliongozwa na Sam Raimi, na zote mbili anacheza Bruce Campbell kama Ash. Kisa ni kilekile. Vijana wanakwenda kupumzika kwenye kijumba cha mbao katikati ya msitu, wanakuta kitabu cha kutisha na tepu ya profesa aliyekuwa akikichunguza, wanaiwasha tepu, na maneno yaliyosomwa humo yanaamsha pepo wanaowaingia mmoja baada ya mwingine. Ya kwanza iligharimu kama dola 375,000. Ya pili, kama dola milioni 3.5, ambazo kwa wakubwa wa Hollywood wa miaka ile bado zilikuwa fedha za kuungaunga. Kwangu mimi ya pili ndiyo filamu bora, na sababu yake inaweza kufundishwa. Ndiyo maana naandika.

Hatua ya kwanza ni kufilisika kabla ya kuanza. Raimi na Campbell walijuana tangu sekondari huko Michigan. Walikuwa wakipiga filamu fupi za vichekesho kwa kamera ndogo za Super 8, wakiwaiga Three Stooges, wale wachekeshaji wa zamani waliokuwa wakipigana vibao na kutiana vidole machoni. Likumbuke jambo hilo, litatufaa mbele. Mwaka 1978 wakapiga Within the Woods, filamu ya nusu saa iliyogharimu kama dola 1,600. Haikuwa ya kuuza. Ilikuwa ya kubeba mkononi kwenda kwa madaktari wa meno na wafanyabiashara wa kwao, mradi mtu mwenye pesa apatikane. Nawe fanya hivyohivyo. Mwenye pesa haamini maneno wala karatasi, mwonyeshe damu.

Damu yenyewe huna haja ya kuagiza mbali. Wao walichanganya sharubati nzito ya mahindi, rangi ya vyakula na maziwa ya unga yasiyo maziwa, yale ya kutia kwenye kahawa. Ilionekana vizuri kwenye picha na ilinata kila mahali. Campbell amesimulia kwamba shati lake lililolowa mchanganyiko huo lilikauka hadi likavunjika. Wakati huo walikuwa Morristown, Tennessee, walikokwenda mwishoni mwa 1979 wakidhani kusini kuna joto. Kukawa na baridi kali, na kijumba hakikuwa na maji. Kazi iliyopangiwa wiki 6 ikafika wiki 12 hivi. Lenzi nyeupe za kuvaa machoni zilikuwa nene kiasi kwamba aliyezivaa hakuona kitu, na baada ya dakika 15 ilibidi zitolewe. Waigizaji wengi wakaondoka kabla kazi haijaisha, ikabidi wabaki wale wasioweza kuondoka: Raimi mwenye miaka 20, Campbell mwenye 21, mtayarishaji wao Robert Tapert, na wachache wengine.

Hapo ndipo utajifunza kupiga filamu bila waigizaji. Mvike fundi wa taa nguo za aliyeondoka, mpige picha kwa nyuma. Mkono wa fulani utakuwa mkono wa mwingine, mguu wa mdogo wako utakuwa mguu wa marehemu. Raimi na wenzake waliwaita wabadala hao Fake Shemps, kwa kumkumbuka Shemp Howard, mmoja wa Stooges aliyefariki mwaka 1955 na filamu zake zikamaliziwa na mtu mwingine aliyegeuza uso asitambulike. Ukitazama robo ya mwisho ya The Evil Dead kwa makini utawaona watu wa aina hiyo: vipande vya miili, visigino, migongo. Hadithi haiyumbi. Hofu ya mtazamaji inajaza palipopungua.

Sasa kamera. Huna reli za kuitembezea, huna kreni. Tafuta ubao mrefu, funga kamera katikati, mmoja ashike ncha hii na mwingine ncha ile, kisha kimbieni msituni mmeinama, kamera ikiwa karibu igusane na majani. Ndivyo alivyozaliwa shetani wa The Evil Dead. Fedha za kutengeneza shetani mkubwa hazikuwapo, kwa hiyo shetani akawa jicho. Haonekani kamwe, anaona. Anapita juu ya maji ya kidimbwi, anaangusha miti, anakaribia dirisha, na wewe uliyekaa kwenye kiti unajikuta umepanda mgongoni mwake, unakwenda kuwadhuru watu unaowahurumia. Mbinu hiyo ilitokana na ufukara, na hadi leo wapo waongozaji wenye mabilioni wanaoiga.

Lipo jambo moja la filamu ya kwanza usilichukue. Msichana anavamiwa na matawi ya miti msituni, na uvamizi huo umepigwa kama ubakaji. Raimi mwenyewe amesema baadaye kwamba alivuka mpaka. Ni tukio la kikatili lisiloongeza chochote kwenye hofu, na linawafukuza watazamaji ambao wangeipenda kazi iliyobaki. Katika ya pili miti bado inamkamata msichana na kumburuta gizani, na inatisha vya kutosha bila uchafu ule. Ukirudia kazi yako, punguza aibu zake.

Baada ya hapo omba filamu yako itazamwe na mtu mmoja anayefaa. Stephen King aliiona Cannes mwaka 1982, akaiandikia sifa kwenye jarida, na wasambazaji waliokuwa wakiikwepa wakageuza shingo. Huko Uingereza filamu ikaingia kwenye orodha ya kanda za video zilizopigiwa kelele kuwa zinaharibu watoto, na kelele zile zikaitangaza kuliko tangazo lolote. Usitegemee bahati ya pili. Ya kwanza iliwezekana kwa sababu filamu ilikuwa na kitu ndani yake.

Ukishasifiwa, shika breki. Waswahili walishasema, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Raimi alikwenda akatengeneza Crimewave, vichekesho alivyoviandika pamoja na ndugu Joel na Ethan Coen, ikatoka 1985 na ikaanguka vibaya. Ndipo sehemu ya pili ikawa lazima. Alitaka kumpeleka Ash zama za kati, miongoni mwa mashujaa wa panga na farasi. Fedha zilipatikana kwa mtayarishaji wa Kiitaliano Dino De Laurentiis, baada ya King, aliyekuwa akimfanyia kazi wakati huo, kumwombea Raimi. Lakini De Laurentiis hakutaka mapanga. Alitaka kitu kinachofanana na ile ya kwanza. Raimi akarudi kwenye kijumba.

Mfadhili akikurudisha nyumbani namna hiyo, mshukuru. Kumrudisha stelingi mahali palepale ndiko kunakomlazimisha mwandishi afikiri. Ukimpeleka kisiwani, mji mkuu au mwezini, mandhari mpya itafanya kazi yako na wewe utalala. Ukimwacha ndani ya kuta zilezile, mlango uleule wa chini ya sakafu, banda lilelile la vifaa nyuma ya nyumba, itabidi ubadilishe kitu kingine. Raimi na rafiki yake wa shule Scott Spiegel, aliyeandika naye, walibadilisha mapigo. Kila kilichokuwa kikitisha sasa kinatisha na kuchekesha kwa pumzi moja.

Hapa niseme neno kuhusu soko letu. Wapenzi wa filamu za video za Tanzania wanaikumbuka desturi ile ya enzi za diski: hadithi moja ilikatwa katikati, nusu ikauzwa kama sehemu ya kwanza, nusu nyingine kama sehemu ya pili, kila moja na diski yake na kava lake. Mnunuzi alilipa mara mbili kwa hadithi moja, na mwongozaji alijizoesha kurefusha matukio ya kutembea, kupanda gari na kushuka ili dakika zitimie. Hiyo ni filamu moja iliyopasuliwa kama kuni. Sehemu ya pili ya kweli ni filamu nyingine, iliyoandikwa na watu waliokwisha kuona walichoshindwa.

Jinsi ya kueleza yaliyotangulia: fanya haraka. Raimi alikuwa na tatizo la haki. Filamu ya kwanza ilikuwa imeuzwa kwa wasambazaji mbalimbali nchi mbalimbali, na hakuweza kutumia vipande vyake. Akaamua kupiga upya muhtasari wake. Vijana watano wa mwanzo wakawa wawili, Ash na mpenzi wake Linda, ambaye sasa anachezwa na Denise Bixler badala ya Betsy Baker. Ndani ya dakika chache wamefika, tepu imewashwa, Linda ameingiwa na pepo, amekatwa kichwa kwa sepetu, amezikwa. Wapo wanaolalamika hadi leo kwamba hesabu hazilingani, wale wengine watatu wamekwenda wapi. Waache. Mtazamaji anayetaka kucheka hahitaji cheti cha kuzaliwa cha kila mhusika. Muhtasari ukifika mahali ambapo filamu ya kwanza iliishia, yaani pepo akimwendea Ash kasi usoni, ya pili inaendelea palepale: Ash anarushwa msituni akizunguka kama tiara, anapasua matawi, na anaangukia dimbwini kifudifudi.

Tumefika kwenye kiini, na hapa nakuomba usiruke mstari. Filamu hizi mbili zina banda moja la vifaa na chenso moja. Katika ya kwanza, Ash anambeba Linda aliyeingiwa na pepo hadi bandani, anamfunga kwa minyororo mezani, anawasha chenso, anainyanyua. Kisha anauona shingoni mwake mkufu aliomzawadia, wenye kioo kidogo cha kukuzia. Anashindwa. Anazima mashine, analia, anakwenda kumzika mzima mzima, na anakuja kulipia huruma yake. Ni dakika nzuri kuliko zote katika filamu ile. Campbell hakuwa bado mwigizaji mkubwa, lakini mikono inatetemeka kweli, na pumzi yake inatoka kama moshi kwa baridi ya Tennessee, kitu ambacho hakuna fundi wa vipodozi anayeweza kukiuza.

Katika ya pili banda linarudi. Linda alikwishakatwa kichwa, lakini mwili wake umefukuka na kucheza densi mbalamwezini, kichwa kikiviringika kutoka bega hadi bega, umepigwa picha moja moja kama mwanasesere. Kichwa kinamwangukia Ash mapajani na kumng'ata mkono wa kulia, hakiachii. Anakimbia nacho hadi bandani akikigongesha kila alipopita, anakibana kwenye jiriwa, ile ya kushikia vyuma mezani. Anatafuta chenso na haipo mahali pake. Mlango unavunjika na mwili usio na kichwa unaingia, umeishika wenyewe chenso, umeiwasha. Wanapambana, Ash anaipokonya, kichwa kinamlilia kwa sauti tamu ya mpenzi wake kama kilivyofanya mwanzo. Safari hii anaishusha.

Hiyo ndiyo sheria ya sehemu ya pili, na ningeiandika juu ya mlango wa kila chumba cha uhariri. Tafuta jambo ambalo stelingi alishindwa kulifanya katika ya kwanza. Mrudishe mbele ya jambo hilohilo na kifaa kilekile, na alifanye. Kisha mlipishe. Ash analipa kwa mkono, kwa sababu jino la Linda limeuambukiza.

Tukio la mkono linachezwa na mtu mmoja jikoni. Mkono wa kulia umeanza kunguruma na kucheka kwa sauti nyembamba. Unamshika Ash nywele, unamgongesha uso kwenye sinki. Unachukua sahani moja baada ya nyingine, unamvunjia kichwani. Unampiga ngumi tumboni, na alipoinama unamshika shingo na kumpindua hewani, anaanguka chali. Anazimia. Sasa mkono, peke yake, unajivuta sakafuni kwa vidole, unaukokota mwili mzima wa mwenye nao, kucha zikikwaruza mbao, kuelekea shoka la nyama lililoanguka pembeni. Unakaribia, bado kidogo uguse mpini. Ndipo Ash anaamka na kuupigilia kisu sakafuni, kisha anaivuta chenso, anawasha kwa meno, na damu inamrukia usoni huku akiucheka mkono uliokuwa ukimcheka.

Angalia kilichotumika. Hakuna kompyuta. Kuna sahani, kuna mwili wa Bruce Campbell, na kuna Three Stooges wa utotoni. Kupigwa kwa sahani kichwani ni mzaha wa karne ya 20 mwanzoni. Mwanamume kujipiga mwenyewe ni mzaha wa kale kuliko sinema. Raimi ameuweka mzaha huo mahali ambapo ukikosea kidogo mtu anakufa. Wakati unacheka, shoka bado liko sakafuni, na vidole bado vinakwenda. Kicheko na hofu vinahitaji kitu kimoja tu, muda. Ukichelewesha nusu sekunde, mtu anashtuka. Ukiwahisha nusu sekunde, anacheka. Wanafunzi wa uongozaji wakae na dakika hizi, wazihesabu fremu kwa fremu, maana ni shule nzima.

Kisha kuna chumba kinachocheka. Mkono uliokatwa umetoroka ukaingia kwenye tundu la panya ukutani, Ash amefyatua bunduki ukutani, na damu imemwagika kutoka kwenye matundu kwa wingi wa bomba lililopasuka. Amechoka. Anakaa kitini, kiti kinavunjika. Kichwa cha paa kilichokaushwa na kutundikwa ukutani kinamgeukia na kuangua kicheko. Taa ya mezani inacheka, ikijikunja shingo. Vitabu vinacheka, kabati linacheka. Na Ash naye anaanza, kwanza kidogo, baadaye anacheka pamoja nao, anacheza, anaiiga taa, mdomo wazi, macho yametoka. Hakuna mahali pa kukata ambapo unaweza kuona ni lini kicheko kimekuwa ukelele. Mtu huyu yuko peke yake usiku, amemzika mpenzi wake, amejikata mkono, na samani zinamcheka. Ni la kuhuzunisha sana. Ukumbi mzima unacheka.

Filamu ya kwanza nayo ilichekesha watu, lakini hilo halikuwa lengo lake. Wakati mwingine damu ilizidi kiasi, au mdoli alionekana kuwa mdoli, watu wakaguna na kucheka. Raimi aliwasikia. Katika ya pili kicheko kile cha bahati mbaya kimechukuliwa na kupewa kazi. Wewe pia, siku unaonyesha filamu yako, usikae nyuma ukisubiri makofi. Kaa karibu na watu, usikilize wanapocheka mahali ambapo hukukusudia. Hapo ndipo sehemu ya pili inapoanzia.

Kuhusu shetani mkubwa, mavazi yake mpe ndugu yako. Henrietta, mke wa profesa aliyezikwa chini ya sakafu, ni Ted Raimi, mdogo wake Sam, ndani ya suti nzito ya mpira yenye unene wa mwili mzima. Joto lilikuwa kali, kwani sehemu kubwa ya ndani ya kijumba ilijengwa kwenye ukumbi wa michezo wa shule moja ya Wadesboro, North Carolina. Henrietta anapozunguka hewani, maji yanamtiririka sikioni. Ni jasho la kijana wa watu. Raimi hakulikata, na amefanya vyema, maana linatisha kuliko kilichopangwa. Mwigizaji wa kulipwa angedai fidia. Ndugu wa damu atakukumbusha tu kila sikukuu.

Kuhusu wakaguzi, jiandae mapema. Kampuni ya De Laurentiis ilikuwa imefungwa na utaratibu wa madaraja ya filamu wa studio za Marekani, na kazi hii ilikuwa na hatari ya kupewa daraja baya la kuua mauzo. Damu ikapakwa rangi nyingine, pengine ya kijani, pengine nyeusi, ili ionekane si ya binadamu. Mwishowe filamu ikatolewa bila daraja, kwa jina la kampuni ya Rosebud Releasing Corporation iliyoundwa kwa kazi hiyo. Rangi zile zimeifaa filamu. Damu nyekundu ikizidi inachosha jicho; damu ya kijani inakukumbusha kwamba uko kwenye mchezo, na mchezo huo hauna huruma.

Nisiifiche kasoro ya ya pili. Baada ya nusu saa hivi ya Ash peke yake, wanafika watu wengine wanne: Annie, binti wa profesa, na mwenzake, pamoja na wenyeji wawili waliowaonyesha njia. Filamu inapungua nguvu. Wapya hawa wamekuja ili wafe, na mtazamaji anajua. Katika ya kwanza, kila aliyekufa alikuwa rafiki wa mwingine, tuliwaona wakila pamoja, na kifo cha mmoja kilimuumiza aliyebaki. Ya pili inatukabidhi wageni na kutuomba tuwaonee huruma ndani ya dakika kumi. Mmoja wao anarushiwa jicho la Henrietta likamwingia mdomoni, na ni mzaha mzuri sana, lakini simkumbuki kwa kitu kingine. Ukifuata mwongozo huu, ongeza wahusika mapema au usiwaongeze.

Mwisho wa stelingi usiwe ushindi. Annie anamsaidia Ash kufunga chenso kwenye kigutu cha mkono, na kifaa alichoshindwa kukitumia mwaka 1981 sasa ni sehemu ya mwili wake. Anashinda pepo, na papo hapo shimo la angani linamvuta yeye na gari lake la Oldsmobile hadi mwaka 1300. Mashujaa wa zama zile wanamwona akilipua zimwi kwa bunduki, wanapiga magoti, wanamsifu kuwa mkombozi aliyetabiriwa. Ash anaangalia juu na kupiga ukelele wa mtu aliyefungwa maisha. Kwa hiyo Raimi alipata zama zake za kati, mahali pekee zilipofaa, kama adhabu ya dakika za mwisho.

Alipozipata kwa filamu nzima, katika Army of Darkness ya mwaka 1992, kwa bajeti ya kama dola milioni 11, vichekesho vilibaki na hofu ikaondoka. Naipenda, ina mistari ya kukariri, ila hakuna usiku ndani yake wa kukufanya uangalie nyuma ya mlango. Kijumba kiliachwa, na nusu ya nguvu iliachwa humo.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii. The Evil Dead ni filamu ya ujasiri, na imeandikwa usoni mwa watu waliogandishwa na baridi. Evil Dead II ni filamu ya ufundi, ya watu wanaojua kila sekunde inafanya nini, na ndiyo ninayompa mtu ninapotaka aelewe jinsi kutisha na kuchekesha vinavyolala kitanda kimoja. Itazame ya kwanza usiku wa leo, ya pili usiku wa kesho, kwa mpangilio huo, la sivyo hutajua chenso imetoka wapi.

Na ninyi mnaotengeneza filamu kwetu, mna mahali pa kuanzia. Mussa Banzi alitutisha na Nsyuka na Shumileta kwa fedha ndogo katika muongo wa kwanza wa karne hii, na watu walizitafuta. Misitu ipo, nyumba za mbao zipo, ndugu wa kuwavalisha suti ya mpira wapo. Pigeni sehemu ya kwanza kamili yenye mwisho wake, ionyesheni, muwasikilize watu wanapocheka. Kisha rudini nyumba ileile na chenso ileile, mkamalize kazi.